Ndimu Ulizokuwa Ukinituma

Bi Raya wangu,

Shikamoo. Marahaba yako nnaisikia mpaka hapa nilipokaa, ile ya kuvuta mwisho kama mtu aliyeudhika, kumbe umefurahi.

Unakumbuka barua ulizokuwa ukiniandikisha kumpelekea dada yako Maskati? Mwanzo wake haukubadilika hata siku moja: sisi huku wazima, wasiwasi ni juu yako tu wewe uliye mbali. Ukinilazimisha niandike hivyo hata siku unazotetemeka kwa homa. Basi leo nimeshika kalamu nianze vivyo hivyo, nikakwama. Wewe uliye mbali una wasiwasi gani tena? Wenye wasiwasi tumebaki huku. Kwa hivyo nnaugeuza mwanzo: wewe, inshallah, hujambo, na wasiwasi ulikuwa wangu miye Zuhura, mwanafunzi wako wa jikoni. Nnakupa habari zake. Usikunje uso, ni habari nzuri.

Kubwa kwanza: Nasra, mjukuu wako, ameolewa Jumapili iliyopita. Biriani ya walima nimepika miye. Nnajua ushaanza kuuliza, "Imekuwaje? Imekuwaje?" Sikwambii. Utangoja mpaka nifike huko, kama ulivyokuwa ukiningojesha. Na kuna jambo ulinificha miaka kumi na sita, Bi Raya, nimelijua sasa. Kwa hilo tuna ugomvi miye na wewe, lakini nalo litafika kwa zamu yake.

Tabia yangu unaijua. Nnatoka nyumbani Kiponda, nikifika Mkunazini nnarudi kuangalia kama nimefunga gesi. Nnaikuta imefungwa. Nnatoka tena, nikifika pale pale nnakumbuka mlango. Wale wanaume wanaokaa barazani kunywa kahawa walinizoea, mmoja wao akawa ananipigia kelele, "Bi Zuhura, gesi inakusalimu, haina habari!" Nacheka nao, halafu narudi vile vile. Udhu nao ukawa kazi. Nikimaliza mguu wa kushoto nnaona kama wa kulia maji hayakufika kisiginoni, naanza upya tangu viganja. Makame, mume wangu, si unamjua mtu wa Kizimkazi na maneno yake, siku moja alisimama mlangoni mwa choo akanambia, "Bahari yote ya kwetu haikutoshi weye kwa Adhuhuri moja." Na Rahma, binti yangu, tangu alipoanza chuo Tunguu hakupata raha. Umefika? Umekula? Mbona hushiki simu? Ananijibu kwa kunong'ona, masikini, "Mama, nimo darasani, mwalimu ananitizama."

Wewe ulinicheka tu mpaka ule wasiwasi ulipoingia jikoni kwako. Hapo hukucheka. Kwa sababu biriani yako ilikuwa na pahala pamoja pasipotaka mikono: masala chini, wali juu yake, samli, zafarani, kifuniko, donge la unga kuziba mdomo wa sufuria pande zote, makaa chini na makaa juu. Ukishaziba, hapana la kufanya ila kukaa. Na kukaa ndiko kulikonishinda. Nnaona kama wali unaungua. Nnaona kama moto umezimika. Mkono unakwenda wenyewe kwenye kifuniko, na wewe unanipiga upawa wa vidole bila hata kunitizama. "Toa mkono! Wali si mgonjwa, usimchungulie kila saa."

Kisha unakaa juu ya kibao chako cha mbuzi, nazi zenyewe tushamaliza kukuna tangu asubuhi, mgongo umenyooka, tasbihi mkononi, kama mtu aliyekuja kutembea kwa watu na anangoja kuletewa chai. Na miye nnakuangalia nnasema moyoni, Mungu ameumba watu namna mbili: Bi Raya, na sisi tuliobaki.

Halafu zile ndimu. Kila harusi, kila hitima, tukifika tu kwenye kuziba sufuria unanambia, "Zuhura, kimbia kanunue ndimu." Nakimbia. Nikirudi ninahema, nakuta kifuniko kishazibwa, makaa yako juu, na wewe uko kwenye kibao chako. Na kikapu cha ndimu kiko pembeni, kimejaa mpaka zinamwagika. Sikuuliza hata mara moja. Nilidhani ndo desturi, kwamba ndimu hazijai machoni mwa mpishi mkubwa.

Ukafariki wiki mbili kabla ya Ramadhani. Nilikuja asubuhi na kibakuli cha uji, ukanambia, "Weka hapo, nitakunywa." Nikaweka. Uji ule... Haya. Tusiingie huko. Nshajiambia barua hii ni ya furaha, na uji ule haumo.

Kazi ya kwanza kunijia peke yangu ilikuwa baada ya Idi, harusi ya watu wa Malindi. Walisema, huyu ni mkono wa Bi Raya, mpeni. Bi Raya, nilifunua sufuria mara kumi na moja. Nikifunua, mvuke unatoka. Mvuke ukitoka, naingiwa na hofu wali utakauka, natia maji kidogo. Nikitia maji, nahofia utakuwa mashendea, nafunua kuangalia. Nikifunua, mvuke unatoka. Lile donge la unga nililipachika na kulipachua mpaka likawa jeusi kama chaza wa pwani. Wali wa juu ukatoka na kiini, wa chini unashikana kama uji, na katikati sijui niuite jina gani. Sinia zikarudi zimejaa. Bibi mmoja wa heshima zake, kanga ya kisutu mpya, alikuja mpaka uani akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii ni biriani ya namna mpya?"

Bora angenitukana.

Nilikwenda nyumbani nikaufunga upawa wako kwenye kitambaa nikautia chini ya kitanda. Nikamwambia Makame miye kupika harusi basi, nitauza maandazi. Sikulala vizuri siku nne. Ya tano nikatoka kwenda Darajani kununua vitunguu, vya kula nyumbani tu, kilo mbili. Nimeinama nachagua, moyo ukaanza kunienda mbio bila sababu. Vidole vikafa ganzi. Pumzi inaishia kooni, haishuki. Macho yakaingia kiza na watu wote nawasikia kama wako ndani ya mtungi. Nikasema ndo leo. Nikapiga shahada pale pale katikati ya vitunguu, kwa sauti, mpaka muuzaji akadondosha mizani. Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali, Mungu ampe kheri, na vitunguu vyangu akavileta.

Wakanipima moyo kwa ule mtambo wa nyaya. Daktari, mtoto wa kike mdogo, umri wake hautofautiani sana na wa Rahma, akanambia moyo wangu mzima hauna hata doa. Nikamwambia, "Basi pimeni tena." Akaniangalia. Akauliza, "Nyumbani nako unaangalia mambo mara mbili mbili hivi?" Nikamwambia mara mbili ni siku nikiwa na haraka. Akavuta kiti akakaa, foleni yote ile nje, akanambia hilo hilo ndilo analotaka tulizungumze.

Ugonjwa si wa moyo, Bi Raya. Ni wasiwasi uliopita kiasi. Nilitahayari, nikaona nimewasumbua watu bure. Akanambia si bure na si aibu, hali hii inajulikana, watu wengi wanayo, wanaume pia ila wao wanasema wameshikwa na tumbo. Akanifahamisha kwamba kila mtu ana hofu ndani yake ya kumlinda. Yangu ni kama jirani mwenye kelele: akija mwizi anapiga kelele mtaa mzima, na akipita paka anapiga kelele zile zile. Huwezi kumhamisha, na siku akija mwizi utamtaka. La kufanya ni kumzoesha paka.

Mtaani nao walikuwa na yao. Wengine wakasema nimekumbwa, nifukizwe. Sikukasirika, wananipenda. Nikafukiza ubani siku saba. Nyumba ikanukia, na wasiwasi ukabaki pale pale, ila sasa unanukia vizuri.

Basi nikarudi kwa yule daktari, akanipeleka kwa mama mmoja mshauri, nikawa nakwenda kila wiki mbili. Akanambia tukijaribu haya na yasisaidie, vipo na vidonge, na kumeza si kushindwa. Mpaka leo sijavihitaji, lakini kujua vipo tu kulinipunguzia robo ya hofu.

Cha kwanza aliniuliza nakunywa kahawa ngapi kwa siku. Nikamwambia vikombe vidogo. Akasema, "Vidogo vingapi?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole, mkono wa kwanza ukaisha. Sasa nakunywa viwili asubuhi, na jioni mchaichai. Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma mpaka nikamgombeza paka. Ya pili mikono ikaanza kutulia.

Cha pili pumzi. Alinifundisha nivute kwa pua na nitoe polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Kwa hesabu zake za vidole sikuweza, nikawa nina wasiwasi wa kukosea hesabu. Mwisho nikapata njia yangu: natoa pumzi kama ninavyopuliza kaa linalotaka kuzimika, pole, liwake lakini majivu yasiniruke usoni. Hilo mpishi hahitaji kufundishwa. Mara sita saba hivi, mabega yanashuka yenyewe.

Cha tatu ndicho kilichonichekesha. Amenipangia saa ya wasiwasi. Robo saa, kila siku, baada ya kusali Alasiri, nakaa kwenye kiti changu dirishani na ninakuwa na wasiwasi kwa raha zangu. Wasiwasi ukinijia asubuhi nauambia, sikupokei sasa, njoo Alasiri. Mwanzo niliona ni mchezo wa watoto. Lakini wallahi, Bi Raya, mingi haiji. Inakuja miwili mitatu, nayo imechoka.

Na cha mwisho kilikuwa kigumu kuliko vyote. Kuacha kurudi. Gesi nifunge mara moja, niishike kwa mkono, niseme "nimefunga," niende zangu. Siku ya kwanza nilifika Mkunazini nikasimama. Jasho linanitoka, miguu inataka kugeuka, na miye nimeikaza. Mshauri alinambia hofu itapanda, itakaa, kisha itashuka yenyewe nisipoilisha. Nikasimama nikapuliza kaa langu. Yule mpiga kelele wa barazani akanitizama wee, mwisho akauliza, "Bi Zuhura, leo na gesi mmegombana?" Nikacheka, na katika kule kucheka nikajikuta nshapita.

Udhu nilikwenda kumuuliza sheikh wetu wa mtaani. Akanambia ukishamaliza umemaliza, shaka inayokuja baada ya kumaliza usiisikilize. Makame kafurahi, bili ya maji imepungua. Na Rahma tumepatana simu moja kwa siku, baada ya Magharibi. Siku ya tatu ya mapatano, saa nne asubuhi, simu inalia. Ni yeye. "Mama, mbona kimya? Unaumwa?"

Sasa kifuniko. Nilianza na kibaba kimoja cha wali nyumbani. Naziba, napalia makaa, halafu vile vitambaa vya kushikia sufuria nampa Makame aende navyo msikitini, ili nikitaka kufunua niungue. Siku moja msikitini alitaka kujifuta jasho, akatia mkono kwenye kanzu, akatoa kitambaa cha masizi. Karudi nyumbani uso mweusi, watu wote wamemuona na hakuna aliyemwambia. Lakini wali ulitoka vizuri, nikamkaribisha na sahani mbili. Kutoka kibaba nikapanda pishi. Kisha hitima ya jirani. Hapo nilifunua mara moja tu, na nikaiungama kwa mshauri kama mwizi.

Hapo ndipo alipokuja Thuwaiba, binti yako.

Alikuja mchana, akavua viatu, akakaa, akasema Nasra wake amepata mchumba na siku ishawekwa. Akanambia, "Mama alisema biriani ya Nasra atapika yeye na Zuhura. Yeye hayupo. Umebaki weye." Nikajua litakuja hilo. Nikamwambia hapana. Nikamwambia mtafuteni mpishi mwengine, wako wengi, nisije nikalitia doa jina la mama yenu mbele ya watu wote, ile ya Malindi yatosha. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia kweli: "Miye si kama Bi Raya. Bi Raya alikuwa hana hofu."

Bi Raya, mwanao alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilidhani ananikejeli. Kumbe machozi yanamtoka. Akanambia, "Mama? Mama hakuna harusi aliyoipika asitapike alfajiri yake." Nikamwambia muongo. Akanambia kwamba ulikuwa unakaa kwenye kibao cha mbuzi kwa sababu ukishaziba sufuria magoti yalikuwa hayakubebi. Kwamba ile tasbihi ilikuwa ni dhikri, ndiyo, lakini pia ilikuwa saa yako: kila punje pumzi moja, mizunguko mitatu na theluthi, hapo wali umeiva, na ulijiapiza usiinuke kabla. Kwamba mikono yako ilitetemeka wakati wa kubandika unga mpaka donge linaanguka, na ulikuwa hutaki mtu akuone. Mume wako ulikuwa unamtuma kuni. Thuwaiba mwenyewe alipokuwa msichana ulikuwa unamtuma hiliki.

Na miye ndimu.

Miaka kumi na sita, Bi Raya! Nimekimbia na jua lile, nimepanda na kushuka vichochoro, nimegombana na wauza ndimu, siku moja nikateleza kwenye ngazi za watu nikachubuka goti, na wewe umesimama nyuma unatetemeka peke yako! Ninakudai viatu pea tatu. Na nilikasirika, nakwambia ukweli wangu. Siku mbili nzima sikukusomea hata Fatiha. Kwa sababu ungelinambia siku moja tu, "Zuhura, na miye naogopa," nisingejiona kiumbe cha ajabu miaka yote ile. Nilikuwa nakuangalia wewe, halafu najitizama miye, na najiona nina kasoro.

Siku ya tatu hasira ikanitoka, nikakusomea mbili. Nikafikiri kwamba mtu aliyekuwa akitapika alfajiri, saa saba mchana sinia zake zinatoka, na wali wake hauna mfano mji mzima. Na akifanya hivyo miaka. Nikautoa upawa chini ya kitanda. Nikampigia Thuwaiba nikamwambia nitapika, lakini nipeni na kile kibao.

Haya, sasa Jumapili.

Nimefika kwenu uani baada ya sala ya alfajiri. Sikutapika, lakini chai haikupita. Wanawake wamejaa, huyu anamenya vitunguu, yule anakata kachumbari, na kila mmoja ananipa pole kwa kazi, na kila pole naisikia kama watu wanakumbuka Malindi. Masala ikaiva, mtindi haukukatika. Wali nikauchemsha, nikauchuja, nikaupanga, nikaurashia zafarani kwa vidole kama ulivyonifundisha. Likabaki la kuziba.

Nikashika donge la unga. Mikono ikaanza. Moyo huo! Nikageuka na neno likanitoka lenyewe, sikulifikiri: "Thuwaiba, hebu kimbia kanunue ndimu."

Akakitizama kikapu. Kimejaa. Akanitizama miye. Kisha akavuta mkeka, akakaa chini pale pale mbele ya sufuria, akakunja miguu. "Sendi," akasema. "Mama alitutoa sote. Weye hunitoi."

Uani wote wamegeuka wananitizama. Sikuwa na pa kujificha, basi nikasema kwa sauti, "Jamani, miye naogopa." Mmoja akajibu kutoka kwenye karo, "Hata miye, hii kachumbari nishaitia chumvi mara mbili na sikumbuki ya kwanza." Wakaangua kicheko. Nikaziba sufuria mbele ya macho yao wote, mikono inacheza, unga umekwenda upande kama kilemba cha mlevi. Thuwaiba akashika donge upande wa pili. Tukapalia makaa. Nikakaa kwenye kibao chako.

Nikashika tasbihi nikaanza kupuliza. Mzunguko wa kwanza hofu ilipanda mpaka masikioni. Nikanusa kuungua, na hakukuwa na kinachoungua. Mkono ukainuka. Hakuna aliyenipiga upawa, Bi Raya, nikaurudisha mwenyewe. Nikauweka chini ya paja nikaukalia. Mzunguko wa pili Thuwaiba akaanza kuhadithia siku ulipomfukuza bwana harusi jikoni kwa kuonja, tukacheka, na hofu ikawa bado ipo, lakini imekaa pembeni nayo inasikiliza. Wa tatu ukaisha. Theluthi ikaisha.

Na hapo, utacheka, nikashindwa kufunua. Miye! Mwenye mara kumi na moja! Nikaona hivi bado imefungwa haijaharibika, nikifunua ndo nitajua. Nikaanza tena tasbihi. Thuwaiba akanitizama, akatizama juu ghorofani, akanambia, "Zuhura, wageni huko wanakaribia kula mkeka."

Nikafunua.

Harufu, Bi Raya. Zafarani na hiliki na ile ya samli ikishaiva, ikapanda ua mzima, na miye nikafumba macho nikaona uko nyuma yangu. Nikatia upawa wako kando, nikauinua. Punje moja moja. Nyeupe, ya manjano, kila moja na njia yake. Thuwaiba kapiga kigelegele kilichowatisha kunguru. Nikalia, sikujificha, nikapakua huku nalia.

Sinia zimerudi tupu. Na kuna mtu alishuka ngazi polepole, kanga ya kisutu, nikamjua. Yule bibi wa Malindi. Akasimama, akanitizama kutoka utosini mpaka unyayoni, akasema, "Ehe. Hii ndiyo ya namna ya zamani." Akapanda zake.

Ndimu zilizobaki tumezitia chumvi na pilipili, ziko juani juu ya paa la kwenu. Achari itatosha mpaka Ramadhani.

Usidhani nimepona kabisa. Jana nimerudi kuangalia gesi mara moja. Barazani wakanishangilia. Lakini leo nimesali Alasiri, nimekaa kwenye kiti changu dirishani nipokee wasiwasi wangu wa siku, nimengoja, haukuja hata mmoja. Robo saa nzima imebaki mkononi, sijui niifanye nini. Ndo nikasema nikuandikie.

Lala salama, mwalimu wangu. Kwa ndimu nimekusamehe, na kwa yale mengine yote ahsante. Nasra ananambia anataka kuja jikoni kujifunza, fungate ikiisha. Kamnong'oneza mama yake kwamba anaogopa, mikono yake inatetemeka. Nimemwambia aje hivyo hivyo na mikono yake. Na nnakuahidi, Bi Raya, tukifika kwenye kuziba sufuria, sitomtuma popote. Atakaa hapo hapo anione.

Wako,
Zuhura